Tulishuka bondeni na hasira, tukapanda na chupa ya nzi



Wengi wenu mmetuuliza sababu gani meza yetu ya maembe haikuonekana sokoni Kadutu kwa majuma kadhaa. Wengine mlisikia kwamba tumegombana na dada zetu wa bonde la Ruzizi. Ni kweli, tuligombana. Leo tunaandika habari za safari mbili tulizofanya kule chini, maana tulichojifunza hakiwahusu wauza maembe peke yao. Kinamhusu kila mama mwenye mpera nyuma ya nyumba, mwenye bustani ya matango au maboga, au mwenye mtoto anayeuma embe na kulitupa chini ya mti.

Mambo yalianza hivi. Mwezi ule tulikubaliana kwamba feza za likelemba zisiende kwa mtu mmoja. Tuliziweka pamoja, tununue maembe ya bondeni, tuuze Bukavu, na faida ilipe minervali ya watoto. Dada zetu wa kule walitupakilia beseni ishirini. Maembe yalifika mazuri, magumu, ngozi safi. Siku ya kwanza na ya pili tuliuza vizuri. Siku ya tatu mama mmoja mteja akarudi na nusu ya embe, akaiweka mezani mbele ya watu bila kusema neno. Ndani yake funza weupe walikuwa wanatembea. Si funza wa miguuni, hapana. Wale wadogo wembamba wanaokula nyama ya tunda. Tukapasua embe jingine, na jingine. Kufika jioni beseni nane zilikuwa za kutupa.

Mtu akipoteza feza hutafuta wa kumlaumu. Sisi tulimpata haraka. Tulisema: wametupangia mazuri juu na mabovu chini. Mmoja wetu alipiga simu, na maneno yaliyosemwa siku ile hatutayaandika hapa. Wao wakajibu kwamba walitoa maembe mazima, na kama kuna funza, basi ni funza wa Bukavu. Pande zote mbili zikakata simu. Mama mtunza mfuko wetu akasema: "Kwa simu hatutaelewana. Tushuke."

Tulishuka wamama wanne. Barabara ya Uvira mnaijua: mtu hutoka Bukavu na kitambaa cha baridi mabegani, anapita Nyangezi, halafu anafika Ngomo, pale mlima unapokatika. Gari linashuka kona kwa kona, jiwe upande mmoja, shimo upande wa pili, na wote ndani wananyamaza. Bukavu iko karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika kule mwisho liko karibu na meta 770. Kwa hiyo kila kona unashuka na joto linapanda. Tulipofika Kamanyola vitambaa vilikuwa vimeingia mifukoni. Hapo unaona mto Ruzizi, ng'ambo yake Rwanda, na mbele kidogo Burundi. Halafu nchi inakuwa sawa kama mkeka: mashamba ya mpunga, mihogo, ng'ombe barabarani, vumbi, na miti ya maembe mikubwa yenye kivuli ambacho kijiji kizima kinaweza kukaa chini yake.

Kati ya Luvungi na Sange tulishuka garini. Dada zetu walikuwa wanatungojea chini ya mwembe. Salamu zilikuwa fupi. Wao Kifuliiru chao, sisi Mashi yetu, na katikati Kiswahili kilichokauka kama mti wa kuni. Tuliketi. Mama mwenyekiti wao hakujitetea. Alisema tu: "Mmekuja kuona. Basi oneni." Akaokota embe lililoanguka karibu na mguu wake, akalipasua kwa kisu. Funza. Akachuma jingine mtini, zima, gumu, bila doa tuliloliona sisi, akalipasua. Ndani, chini ya ngozi, kulikuwa na vifunza vidogo kama uzi uliokatwa. Akasema: "Hayo ndiyo tunayokula sisi na watoto wetu. Mwaka huu tumemwaga zaidi ya tulichouza. Na ninyi mnatuita wezi."

Hakuna aliyejibu. Upepo ulitikisa mti na embe jingine likaanguka.

Mmoja wao alituambia kwamba alikuwa amehesabu maembe ya miti yake mitatu ili kumlipia binti yake mwaka wa mwisho wa sekondari. Binti alikuwa nyumbani, anasonga bugali. Tulimwona. Alituletea chakula kile, bugali ya mihogo, sombe na ndagala, akatunawisha mikono kwa heshima kana kwamba hatukuwahi kupiga ile simu. Tulikula kwa aibu.

Baada ya chakula walimwita agronomu mmoja, mzee mstaafu anayeishi jirani. Alikuja na kioo cha kukuzia kilichofungwa kamba shingoni. Hakutuuliza nani alimwibia nani. Aliuliza: "Ni nzi gani?" Tukacheka kidogo. Nzi ni nzi. Akasema: "Hapo ndipo mnapopoteza. Mgonjwa akija kwa muganga, muganga hasemi homa ni homa. Anapima kwanza, ndipo anatoa dawa."

Akaanza na tundu. Alichukua embe la mtini, akaligeuza polepole kwenye mwanga, akatuonyesha alama ndogo kama iliyochomwa na sindano, nyeusi katikati, na tone la utomvu lililokauka kando yake. Nzi jike ana mkia mkali kama sindano. Huchoma ngozi ya tunda likiwa bado mtini, huweka mayai ndani, huondoka. Mayai ni meupe, membamba, marefu kidogo mfano wa ndizi, urefu wa milimeta moja hivi. Siku moja au mbili baadaye yanaanguliwa. Kwa nje tunda bado ni zuri. Mchumaji haoni, mpakiaji haoni, mwenye gari haoni. Siku ya tatu sokoni ndipo tunda linalegea, na funza waliokuwa wadogo kama uzi wamekua.

Tulitazamana. Ndiyo kusema, dada zetu walitupakilia maembe waliyoamini ni mazima. Na sisi tuliyapokea tukiamini hivyo. Mwizi alikuwa ndani tangu mtini.

Mzee akaendelea. Si kila tunda bovu ni la nzi huyu, akasema. Doa jeusi linalotanda juu ya ngozi bila tundu na bila funza, hilo ni ugonjwa wa kuvu. Mdudu mwenye kichwa kinachoonekana na miguu midogo ni kiwavi, mtoto wa nondo. Funza wa nzi wa matunda hana miguu wala kichwa cha kuonekana. Mbele ni mwembamba, nyuma ni butu. Na akikomaa ana ajabu moja: anajikunja kama pete, kisha anaruka. Mzee alimweka mmoja kwenye kiganja cha mama mtunza mfuko wetu. Funza akajikunja, akaruka hadi kwenye kikwembe chake. Mama akapiga kelele, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza siku ile pande zote mbili kucheka pamoja.

Halafu akatuuliza: "Yale mabovu ya Bukavu mliyafanya nini?" Tukamwambia: tulimwaga nyuma ya nyumba, chini ya mipera, yawe mbolea. Mzee alifunga macho. Funza akishiba, akasema, anatoka katika tunda, anaingia udongoni sentimeta chache, anageuka kuwa kama punje ya mchele yenye rangi ya kahawia. Baada ya siku kumi hivi, kutegemea joto, anatoka nzi mzima. Kwa hiyo kumwaga tunda bovu juu ya udongo ni kupanda mbegu za nzi. "Mlisema funza ni wa bondeni, wenzenu wakasema ni wa Bukavu," alisema. "Sasa ninyi wenyewe mmempandisha mlima."

Wamama, hapo hasira yetu iliisha kabisa, ikabaki aibu.

Tulitaka kurudi na maembe mabovu katika ndoo ili tuone nzi wakitoka. Mzee alikataa. Tunda lenye funza halisafirishwi, alisema, hata kwa kujifunza. Badala yake alitufundisha kufanya kazi ile pale pale. Tulichukua ndoo mbili, tukaweka mchanga mkavu chini, vipande vya mti juu ya mchanga, na matunda juu ya vipande ili yasilowe. Ndoo ya kwanza ilikuwa ya maembe. Ya pili ilikuwa ya matango na maboga machanga, kwa sababu dada zetu walilalamika kwamba hayo nayo yanajipinda, yanageuka njano na kuanguka yakiwa bado madogo. Tukafunga midomo ya ndoo kwa kitambaa cha neti na mpira. Wao wakabaki kuzichunga. Sisi tukapanda Ngomo usiku ukikaribia, tumenyamaza tena, lakini si kwa kuogopa shimo.

Tulipofika nyumbani kazi ya kwanza ilikuwa jembe. Tuliokota kila kipande cha embe chini ya mipera, tukachimba shimo refu kupita nusu meta, tukafukia na kushindilia kwa miguu. Watoto walituuliza tunamzika nani.

Baada ya majuma matatu tulishuka mara ya pili. Safari hii tulibeba zawadi: avoka za kwetu, zilizokaguliwa moja moja. Salamu zilikuwa ndefu.

Dada zetu walikuwa na habari njema, walivyodhani. Mmoja wao alisikia kwamba nzi hunaswa kwa chupa. Akakata chupa za plastiki, akatia machicha ya kasiksi, akazitundika mtini. Kwa siku mbili chupa zilijaa nzi mpaka chini hapakuonekana. Walikuwa wamezihifadhi kutuonyesha. Mzee akamwaga chupa moja juu ya kitambaa cheupe, akapita na kioo chake, akatikisa kichwa. Karibu wote walikuwa vinzi vidogo vya milimeta mbili au tatu, vyenye macho mekundu, wale wanaozunguka ndizi mbivu na pombe jikoni. Hao hufuata tunda ambalo limeshaoza au kupasuka. Embe zima la mtini hawalichomi. "Mmekamata wafuata jeneza," alisema, "muuaji bado yuko mtini." Kati ya mamia yale alipata nzi wetu wanne tu.

Mama aliyetengeneza chupa alisikitika. Mzee akamtia moyo: wazo la chakula cha chachu si baya. Nzi jike anahitaji chakula cha namna hiyo kabla ya kutaga, na chambo cha chachu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo humvuta pamoja na dume. Kosa lilikuwa kuhesabu chupa iliyojaa kabla ya kujua imejaa nani.

Ndipo tukafungua ndoo.

Ndoo ya maembe ilikuwa na nzi wengi. Wengi wao walifanana. Tuliwaua kwa kuwatia katika pombe kali ya dawa, kisha tukawapanga kwenye sahani nyeupe, kila mmoja akapewa zamu ya kioo. Tunawaandikia tulichoona, kwa sababu hata bila kioo, mama mwenye macho mazuri anaweza kukiona.

Wa kwanza ana urefu wa milimeta nane hivi. Ukimwona haraka utadhani ni nyigu, maana kiuno chake ni chembamba. Mgongo mweusi au wa kahawia iliyoiva, na kila upande una mstari mmoja wa njano, kama mikanda ya mfuko wa mwanafunzi. Kati ya mgongo na tumbo kuna alama ya njano. Juu ya tumbo kuna mistari myeusi inayokutana kama herufi T. Mabawa ni ya kioo, hayana madoa, ila ukingo wa mbele umepita mstari mweusi kama pindo la kikwembe. Huyu ni mgeni kutoka Asia. Alionekana mara ya kwanza Afrika mwaka 2003, kwenye pwani ya Kenya, na kwa miaka michache akaenea nchi nyingi za bara letu, na Kongo pia. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina la kisayansi lenye maana ya mvamizi, Bactrocera invadens. Mwaka 2015, baada ya kulinganisha miili na uzazi wao, walikubali kwamba ni yule yule nzi wa Asia aliyejulikana zamani kwa jina la Bactrocera dorsalis. Hali embe peke yake. Pera, chungwa, papai, avoka, hata ndizi iliyoiva mtini, vyote anavichoma.

Wa pili, wachache ndani ya ndoo ile ile, ni mdogo kuliko wa kwanza. Mwili wake ni wa njano. Mabawa yake ndiyo yanamtambulisha: yana mikanda ya rangi ya chai ya maziwa, na mgongoni ana vidoa vyeusi. Huyu anaitwa Ceratitis cosyra, nzi wa embe wa Afrika. Ni mwenyeji, si mgeni. Bibi mmoja wa pale alimtazama kwa muda mrefu, akasema: "Huyu namjua. Wakati wa ujana wangu tulimkuta katika maembe machache. Yule mwenye T simjui, amekuja na taabu yake."

Ndoo ya pili, ya matango na maboga, ilitoa watu wengine kabisa. Nzi wa rangi ya kahawia nyekundu, karibu na kutu. Mgongoni ana mistari mitatu ya njano, mmoja katikati na mmoja kila upande. Bawa lake lina ukingo wa kahawia unaoishia na doa nene kwenye ncha, na mstari mwingine unakata bawa. Huyu ni nzi wa matikiti, Zeugodacus cucurbitae, naye asili yake ni Asia. Hupenda jamii ya boga, tango na tikiti, tena hutaga hata kwenye maua na vitunda vichanga. Ndiyo sababu tango linajipinda kabla ya kukua.

Sasa sikieni kwa nini haya yote yana maana, maana hata sisi tuliuliza: jina litatusaidia nini? Mzee alitoa mfukoni vichupa viwili vya chambo cha harufu. Dume wa yule mwenye T huvutwa na harufu inayoitwa methili ujenoli. Dume wa nzi wa matikiti haijali. Yeye huvutwa na harufu nyingine, kyulua. Mama mmoja wa kundi lile aliinua mkono, akaeleza kwamba mwaka uliopita alipewa chambo, akakitundika katika shamba la maboga, hakupata hata nzi mmoja, akatupa kila kitu na kuwaambia majirani kwamba mitego ni uongo. Alikuwa amepewa chambo cha nzi wa embe. Chambo kilikuwa kizuri na mtego ulikuwa mzuri, ila shamba halikuwa lake.

Na mwingine akakiri jambo zito zaidi. Aliponunua dawa ya kunyunyiza nyanya, aliipiga juu ya mwembe, maembe yakiwa yamekaribia kuiva, watoto wakiwa chini. Funza hawakufa. Funza yuko ndani ya nyama ya tunda, dawa iko juu ya ngozi. Anayekula ile dawa ni mtoto. Tulikaa kimya kwa habari ile. Kila mmoja wetu ana chupa ya namna hiyo nyumbani, haina karatasi wala jina.

Mzee alituambia pia kwamba kazi hii ya kutambua nzi ina wazee wake. Kule Tervuren, karibu na Brussels, katika Jumba la Makumbusho la Afrika ya Kati, wataalamu wana hifadhi kubwa ya wadudu wa Kongo na wanachunguza nzi wa matunda wa Afrika, kwa sababu kuna wanaofanana kiasi kwamba hata kioo hakitoshi. Sisi hatuhitaji kufika huko. Kwa nzi wa kila siku, mabawa, mgongo na tunda alilotoka vinatosha kuanzia.

Basi tulipatana nini chini ya ule mwembe? Tuliandika kwenye daftari mbili, moja yao, moja yetu.

Wao wataokota maembe yaliyoanguka kila asubuhi, si mara moja kwa juma. Watayatia katika mifuko myeusi ya plastiki, watafunga vizuri na kuacha juani siku nyingi mpaka funza wafe kwa joto, au watafukia shimo la zaidi ya nusu meta. Watachuma maembe yaliyokomaa bila kungoja yaive mtini, maana tunda linaloiva huvuta nzi zaidi. Watatundika mitego yenye chambo kinachofaa kila shamba, kivulini, na kila juma watahesabu nzi na kuandika. Mtego wa harufu hukamata madume, kwa hiyo hautoshi peke yake, lakini unawaambia nzi wameanza lini na wanaongezeka lini. Na wataacha kuchoma viota vya wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mti. Wanauma, ndiyo, lakini wanawafukuza nzi na kula funza wanaotoka kwenye tunda.

Sisi tutakagua kila beseni mbele yao, embe kwa embe, na kuacha lenye tundu. Tutalipa bei ya maembe yaliyokaguliwa, iliyo juu kidogo. Yakitokea mabovu baada ya siku tatu, hasara tutagawana nusu kwa nusu, bila tusi kwenye simu. Na hakuna embe bovu litakalomwagwa tena juu ya udongo wa Bukavu.

Hatuwadanganyi kwamba yote yamepona. Jirani yao mmoja ana miembe kumi na hataki kuokota; nzi hajui mpaka wa shamba, na kazi ya mmoja huharibiwa na uvivu wa mwingine. Wamama wa pale wamepanga kumwendea, si kumgombeza, bali kumwokotea kwa zamu mpaka aone. Yule binti bado hajarudi shuleni. Katika likelemba yetu tuliuliza kama zamu ya mwezi ujao inaweza kwenda kwake kama mkopo, na mwenye zamu akakubali. Tuliona ni bora feza ziende huko kuliko kulipa magari ya kwenda kugombana.

Tulipanda Ngomo na chupa ndogo mkononi. Ndani kuna pombe ya dawa na nzi saba waliokufa: wanne wenye T, mmoja wa mabawa ya chai, wawili wa matango. Juma hili iko katika chumba cha mkutano wetu. Njoni mwaone. Mwenye mti wa matunda aje na tunda moja lililoanguka, limefungwa vizuri katika mfuko, tulipasue pamoja na tutazame ni nani yuko ndani, kabla ya kununua dawa na kabla ya kumlaumu mtu.

Maembe yatarudi mezani Kadutu siku ya soko. Mkiyaona yana bei kidogo, mjue sababu. Na mkikuta funza, msituletee hasira, mtuletee funza.

Tunawasalimu, sisi wamama wa kundi la maembe.